Maharagi ya Masera na Mawe Yetu ya Plastiki

Nianze kwa kuwaambia kwamba hapa Mweso bado kuna watu wakinikuta sokoni wananiuliza maharagi yangu yanaendeleaje, na wanauliza wamekunja uso kabisa, sauti chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, na mimi najibu yanaendelea vizuri, asante, maana nikikasirika watacheka mpaka jioni. Basi afadhali nisimulie mwenyewe, na aibu yangu yote, kwa sababu kisa hiki kimeshazunguka midomo mingi na kila mdomo unaongeza chumvi yake (wapo wanaosema nyumba iliungua, hakuna nyumba iliyoungua, na wapo wanaosema Masera alilia, Masera hakulia hata kidogo, aliyelia ni mimi).

Kwanza mjue kazi yetu. Mume wangu, Papa Furaha, pamoja nami, tunatengeneza karo, vile vigae vya kutandika chini, za uani, za njia, za baraza, na ukiziona utaapa ni mawe yaliyochongwa na fundi, kumbe ni plastiki. Ni mabidoni yaliyopasuka, beseni zilizovunjika, vifuniko, sacheti, yote yale ambayo mvua ilikuwa inayasukuma kwenye mitaro hadi maji yanaingia nyumbani kwa watu, na wamama waliokimbia vita vijijini kwao ndio wanaotuokotea na kutuletea kwa magunia. Tunaosha, tunakatakata, tunayeyusha ndani ya pipa lililokatwa nusu, tunachanganya na mchanga wa mtoni na unga wa mawe meusi, tunakandamiza kwenye kalibu, tunaacha ipoe, basi, jiwe limezaliwa. Wazo ni la Papa Furaha. Alirudi nalo kutoka machimboni kule Walikale, alikokuwa akibeba magunia ya mawe mgongoni kupanda na kushuka msituni mpaka mgongo ukamkatalia, na nafikiri mtu akishabeba mawe mazito namna ile lazima siku moja akili yake itatafuta jiwe jepesi.

Uzuri wa karo zetu unatoka kwenye kalibu, na kalibu tunazitoa kwenye mawe ya kweli. Papa Furaha huzunguka mtoni akitafuta jiwe lenye sura, akilipata analibeba hadi nyumbani na kunionyesha ubavu huu na ubavu ule kama mtu aliyeleta mchumba. Hayo tunayaita mawe-mama. Chini ya hangari yetu ya kufanyia kazi kuna benchi, na juu ya benchi tunapanga mawe-mama matatu makubwa na watoto wao watatu tuliowatoa kwenye kalibu, vile vipande vinene vya kuzungushia njia, halafu tunamwambia mteja achague, lipi la Mungu na lipi letu. Wengi wanakosea, na mimi ndiye niliyekuwa nachezesha mchezo huo, na mtu akikosea nilimcheka bila huruma, namwuliza, "Lakini weye, iko macho ao iko bifungo vya shati?" Ndiyo, mimi huyu huyu.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na Masera Perpetua, mtawa anayesimamia maternite ndogo, nyumba ya kuzalia, kule upande wa Walikale, na alituma habari kwamba anakuja kuona mgonjwa wake hapa hospitali ya Mweso na angependa kupita kwetu aone hizo karo anazosikia. Ua wa maternite yake ulikuwa tope tupu, wanawake wenye mimba kubwa wanateleza wakienda chooni, na mmoja alianguka vibaya. Masera alitaka njia, baraza, na mahali pa kungojea, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuota. Na kwetu mambo hayakuwa mazuri. Pipa lilikuwa limekaa baridi muda mrefu, na jioni moja Papa Furaha, akinawa mikono tu, hata hakunigeukia, akaniambia, "Kama Masera hatakamata karo zetu, nitarudi kule mu machimbo."

Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi nikaishiwa na hamu ya kula, kwa sababu jirani yetu wa nyumba ya tatu alikwenda kule kule na kilichorudi ni koti lake. Nilijua mgongo wa mume wangu, mimi ndiye ninayeukanda kwa mafuta, na nilijua hautavumilia. Kwa hiyo siku ya Masera niliiandaa kuliko sikukuu ya Noeli, nikawaita wamama wa shirika letu, tunaosali pamoja, waje kupika, nikaazima sufuria kubwa ya parokia, nikapaka nyumba udongo mweupe mbele (nyuma niliiacha, hakuna anayepokewa kwa nyuma).

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo. Miwani yangu ilikuwa imevunjika sikio moja, nimelifunga kwa uzi mweusi, uzi mweusi ukaisha nikamalizia na mwekundu, na nilikuwa nimesikia kwamba Masera anapenda kupiga watu picha kwa simu yake na kuzituma kwa wakubwa wake wa shirika la watawa, mpaka Ulaya. Nikajitazama kwenye kioo na kitenge changu kipya na kilemba nilichofungwa na fundi, halafu hapo katikati ya uso nyuzi za rangi mbili, nikajiona kama redio iliyotoka kwa fundi. Nikaivua, nikaiweka juu ya kabati. Nikasema moyoni, nyumba ni yangu, ua ni wangu, nitakosa kuona nini?

Bila miwani, niwaambie ukweli, mimi naona rangi na naona mtu amesimama ao amekaa, sura ni kubahatisha. Pikipiki ikaingia, juu yake watu wawili wametapakaa tope toka kofia hadi buti, wote wamevaa makoti marefu ya mvua, na mimi nikatoka mbio na taji langu la maua, nikamwendea aliyeshuka kwanza, nikapiga goti, nikamvisha maua, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote nikisema, "Karibu Masera wetu, karibu mama yetu, tulikungojea sana!" Nikasikia ndevu.

"Asante mama," akasema motari, ndiye mwenye pikipiki, na alisema kwa adabu sana akinionyesha wa nyuma yake, "lakini Masera njo ule."

Wamama walicheka hadi wengine wakakaa chini. Masera mwenyewe alicheka pia, akasema motari wake anastahili maua maana njia ya Pinga waliyopitia ilikuwa mbovu, na hakumnyang'anya (huyo motari alishinda na taji langu shingoni siku nzima, akala nalo, sijui hata kama alilala nalo). Mimi nikasema imekwisha, aibu ya leo nimeshaimaliza mapema, sasa yatakuwa mazuri tu. Bado nilikuwa na nafasi ya kwenda kuchukua miwani juu ya kabati. Sikwenda, nikaogopa wataona nimeivaa kwa sababu ya motari.

Papa Furaha akamchukua Masera kumwonyesha ua wetu, maana mbele ya nyumba tumetandika karo zetu wenyewe ili mteja akanyage aone. Mimi nikabaki karibu na wapishi. Mpishi mkuu alikuwa Mama Anto, rais wa wamama wa shirika letu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, na alikuwa amesimama na ile sufuria ya parokia iliyojaa maharagi, hajui aiweke wapi.

"Mama Furaha, hii sufuria haiweze kukaa mu mafiga yako ya kila siku," akasema. "Iko lazima mafiga makubwa, ao itatuangukia."

Kwa desturi ningemtuma mtu yeyote. Lakini nikaona kwa mbali ile rangi nyeupe ya Masera imegeukia upande wetu, nikataka anione mimi ni mwanamke wa kazi, si wa kukumbatia motari tu, nikasema kwa sauti, "Kaeni wamama, mafiga nitaleta mwenyewe!" Nikaenda hangarini. Mawe-mama siku zote yanakaa kushoto, watoto wao kulia, naweza kuyashika gizani. Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi Papa Furaha alikuwa ameyabadilisha mahali, watoto kushoto na mama kulia, ili Masera akicheza mchezo asipate msaada wa mpangilio. Nikapeleka mkono kushoto kama kawaida, nikachukua matatu, mawili nikayabana kwapani na la tatu nikalishika mbele, nikatoka nayo nikitembea kama mtu aliyebeba mikate.

Na hapo, ndugu zangu, mwili wangu ulijaribu kuniambia. Nilijisikia mwepesi. Nilijisikia nina nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo tangu niwe msichana. Mama Anto mwenyewe alishangaa, akasema, "Eeh dada, leo uko na nguvu ya nani?" na mimi, mtu anayetengeneza vitu hivi kwa mikono yake kila siku, mtu anayewacheka wengine, nikamjibu, "Ni neema ya Mungu, Mama Anto." Tukayapanga matatu, tukaingiza kuni, nikawasha mwenyewe, tukainjika sufuria. Ilikaa vizuri kabisa. Mama Anto aliyasifu mafiga, akasema yana sura nzuri.

Nikaenda kujiunga na wageni, nikiwa nimetulia na kufurahi. Masera alikuwa anakanyaga karo zetu na buti zake za kaucho, zile za mpira, anainama, anagusa, anauliza maswali ya mtu anayejua kujenga. Halafu akauliza lile swali.

"Papa, na moto je? Kwetu bagonjwa banapikia kila pahali. Muntu anazaa, dada yake analeta babula ya kupikia na makala yake, anaweka pale pale mu baraza. Hii kitu yenu itasema nini?"

Nilikuwa kando yake kabisa, nikamwona Papa Furaha anafungua mdomo, anaufunga. Akasema, "Masera, kuya kwanza tuone mawe, nitakuambia." Nikamjua mume wangu, anatafuta maneno. Tukaenda benchini, akamwambia Masera, "Chagua, lipi jiwe, lipi yetu." Masera akachukua moja, akalipima mkononi, akasema hili ni jiwe. Akachukua la pili, akasema na hili ni jiwe. La tatu, hata hakulinyanyua, akaligonga na funguo, akasema, "Papa, yote ni mawe. Yenu iko wapi?"

Papa Furaha akatazama benchi. Akatazama chini ya benchi. Akanigeukia pole pole.

"Mama Furaha, ile ingine tatu iko wapi?"

Na mimi, bado na kiburi changu chote, nikasema, "Nilipeleka kwa wapishi, sufuria ilikosa mafiga."

Sitasahau uso wake, na huo niliuona hata bila miwani. Kabla hajasema lolote, harufu ikatufikia, ile harufu ya pipa letu, na sauti ya Mama Anto ikapanda juu ya nyumba: "Mama Furaha! Kuya! Mafiga yako inakaa chini!"

Tulikimbia wote, Masera mbele. Moshi mweusi ulikuwa umesimama juu ya ua kama mtu aliyekuja kudai kitu, na katikati yake sufuria ya parokia ilikuwa inashuka, haikuanguka, ingeanguka ningeelewa, ilikuwa inashuka taratibu kwa heshima zote, upande mmoja ukitangulia, na yale mafiga mazuri ya sura nzuri yalikuwa yanalegea na kujikunja chini yake. Wamama wamerudi nyuma wameziba pua. Motari na maua yake alikuwa amekamata ndoo ya maji, anauliza amwage wapi, na Mama Anto anamwambia usimwage, na mwingine anamwambia mwaga. Nikasema potelea mbali, sufuria ya parokia haitafia kwangu. Nikajifunga kitenge kipya mikononi, nikashika sikio la sufuria, nikavuta.

Ilikuja. Ilikuja yote, na maharagi yake, na mchuzi wake wa moto na mafuta ya mawese, mto mzima, ukateremka kutoka kwa wapishi hadi kwenye ua wetu uliotandikwa, ukapita juu ya karo zetu zote za maonyesho, ukaenda kusimama kwenye buti za Masera Perpetua.

Nilisimama na kitenge kilichoungua pindo, kilemba kimeniangukia sikioni, nikafikiria koti la jirani, nikafikiria mgongo wa mume wangu, nikaanza kulia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, nikamwambia Masera mbele ya shirika zima, "Masera, yeye hana kosa, ni mimi, nilivua lineti, miwani yangu, juu ya picha, yeye anajua kazi, mimi njo sina macho, usimukatale juu yangu!"

Papa Furaha akaja akasimama kando yangu. Akanitoa kile kitenge mikononi, akaangalia kama nimeungua (nilikuwa nimepata lengelenge moja tu), halafu akamwambia Masera, "Uliuliza juu ya moto. Njo jibu hii, unaona na macho yako. Kwa moto, hapana. Babula juu yake, hapana, hata kidogo. Sitakudanganya."

Masera alikuwa anaangalia miguu yake. Alikuwa amesimama katikati ya mchuzi wa mafuta na maharagi, na sote tulimwona anainua buti moja, anaikanyaga tena, anaisukuma mbele kwa nguvu kama mtu anayetaka kuanguka makusudi. Haikuteleza. Akasukuma na ya pili. Haikuteleza. Akatembea juu ya maharagi hadi mwisho wa ua na kurudi, mwanamke mzima, kwa kasi, mikono amekunja mgongoni, na pale kwenye simenti laini ya mlango wetu, ambako mchuzi ulifika kidogo tu, akateleza mara moja na motari akamdaka.

"Eeh!" akasema Masera akiwa bado ameshikwa mkono. Akamwomba Mama Anto maji, akamwaga kidogo juu ya karo pale palipopitwa na mchuzi wa moto, akapangusa na kandambili ya mtu, akainama kuangalia. Karo ilikuwa vile vile, na mikunjo yake ya jiwe.

Halafu akasema, na haya maneno nayajua kwa moyo, "Mimi niliona wafanyabiashara wengi. Kila mutu ananiambia kitu yake haina ubaya, na ubaya njo naona kisha kulipa. Ninyi mulinionyesha ubaya mbele, na mukamwanga maharagi juu ya karo yenu, basi niko na swali gani tena? Cuisine, pahali pa kupikia, nitajenga mbali, na mawe. Njia yote, na baraza, na pale bamama banangojea, mutanitengenezea ninyi."

Mama Anto alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika hospitali. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo na mayai ya kuchemsha, maana maharagi yaliyobaki hata mbwa wa jirani aliyanusa akaondoka, na Masera alipiga picha yake, mimi na kilemba changu kilichopinda katikati ya ua uliojaa maharagi, na ndiyo iliyokwenda Ulaya.

Baada ya wageni kuondoka nilimwuliza Papa Furaha, pale alipofungua mdomo na kuufunga, alikuwa anataka kumwambia Masera nini kuhusu moto. "Nilikuwa nataka kusema ukweli," akasema, "lakini sijui kama ningemaliza." Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angejisifu.

Tangu siku hiyo nimeapa. Mteja akiingia kwetu, kabla sijampa hata kiti, namwambia haya si mawe, ni plastiki na mchanga, hayatelezi, hayanywi maji, na ukipikia juu yake utanikumbuka. Papa Furaha anasema nafukuza watu. Hawafukuziki, wengine wanakuja kwa ajili ya kusikia hilo tu, halafu wanaagiza njia ya mlangoni. Na kubeba mafiga sibebi tena, nyumbani kwangu wala kwa mwingine, hata kwenye harusi wananikalisha mbali na moto pamoja na wazee.

Na mume wangu alikwenda Walikale kweli. Alipita njia ile ile ya wale wa machimboni, akiwa na kamba yake ya kupimia na nyundo ya mpira, na kila jioni mtandao ukipatikana alinipigia. Siku ya mwisho alinipigia akiwa amesimama kwenye baraza lenyewe, nikasikia mtoto analia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, nikamwuliza ni nani huyo.

"Ni kamutoto ka leo," akasema. "Mama yake ametoka kutembea kidogo mu njia yetu, anashikilia ukuta, anaenda pole pole."

"Mvua inanyesha huko?"

"Inanyesha sana."

"Na hateleze?"

"Hateleze," akasema Papa Furaha. "Kesho narudi."

Na kesho yake akarudi.